Mteja wa Mnadani Si Mteja Wako

Leo nina ugomvi, na nitautoa wote hapa kabla haujanipa vidonda vya tumbo.

Ugomvi wenyewe ni huu. Kila nikimwambia mtu anayeuza vitu kwenye minada ya mtandaoni kwamba ajenge tovuti yake na awahamishie wateja wake huko, ananijibu jibu lile lile: "Ya nini? Wateja si ninao tayari." Halafu ananionyesha ukurasa wake wa sokoni, nyota zake, maoni mazuri yaliyojipanga kama shanga, na idadi ya watu waliowahi kununua kwake tangu aanze. Elfu tatu. Elfu nne. Mimi humuuliza swali moja tu: ukitaka kuwaandikia hao watu elfu nne leo jioni, bila kupitia sokoni, utawapata wangapi?

Kimya.

Basi hao si wateja wako. Ni wateja wa soko, waliopita mbele ya meza yako.

Naomba nianze na eBay, kwa sababu ndiyo mama wa minada hii na historia yake iko wazi kwa yeyote. Pierre Omidyar aliianzisha huko California mwezi Septemba 1995, ikiitwa AuctionWeb. Kitu cha kwanza kuuzwa kilikuwa kalamu ya leza iliyoharibika, kwa dola 14.83. (Ndiyo, iliyoharibika. Aliyeinunua alikuwa akikusanya kalamu za leza zilizoharibika. Duniani kuna watu.) Mwanzoni kuuza kulikuwa bure. Mwaka 1996 kampuni iliyokuwa ikimpa huduma ya intaneti ikampandishia bili hadi dola 250 kwa mwezi, naye akaanza kuwakata wauzaji sehemu ndogo ya mauzo. Mwaka 1997 jina likawa eBay, na mwaka 1998 kampuni ikaingia kwenye soko la hisa.

Sina ugomvi na ada. Nalisema hili mapema ili watu wasinijazie sanduku la barua pepe. Mtu akikuletea mnunuzi kutoka Ohio ambaye usingemwona maisha yako yote, mpe chake. Kazi ameifanya. Ugomvi wangu unaanza mara ya pili.

Tufanye hesabu kidogo. Kwenye eBay ya Marekani, muuzaji wa bidhaa nyingi za kawaida hukatwa asilimia 13 na kitu, na asilimia hiyo hupigwa kwa jumla yote aliyolipa mnunuzi, pamoja na pesa za posta. Kitu cha dola 40, ukijumlisha na posta yake, kinakatwa dola 5 na zaidi. Mnunuzi yule yule akirudi mara kumi kwa mwaka, kwa sababu anakujua, anakuamini na anapenda unavyofunga vifurushi vyako, umelipa zaidi ya dola 50 ili utambulishwe kwa mtu mnayejuana.

Fikiria dalali wa nyumba pale Nairobi. Anakutafutia nyumba, unampa kodi ya mwezi mmoja, mnaagana. Sasa fikiria anarudi kila tarehe 1, anasimama mlangoni, anadai kodi ya mwezi mwingine kwa sababu yeye ndiye aliyekuonyesha ngazi. Ungemfukuza na mbwa. Lakini mtandaoni tunamlipa kila wiki na bado tunasema asante.

Na hata hizo pesa si jambo kubwa kuliko yote. Jambo kubwa ni kwamba meza si yako, na mwenye soko anaweza kuisogeza wakati wowote. Wale tuliokuwa tukifuatilia mambo haya enzi hizo tunakumbuka mwaka 2005, ada ya mwezi ya duka la kawaida ndani ya eBay ilipopanda kutoka dola 9.95 hadi 15.95, na wauzaji wakapiga kelele mpaka wakuu wa kampuni wakalazimika kuwaandikia barua ya kuwatuliza. Mwaka 2008 wauzaji wakaambiwa hawawezi tena kumwandikia mnunuzi maoni mabaya. Mnunuzi anaweza kukuchafua, wewe huwezi kumjibu kwa kipimo hicho hicho. Februari mwaka huo baadhi yao waligoma kuweka bidhaa. Mwaka 2017 viungo vingi vya kutoka nje ya soko vikapigwa marufuku ndani ya matangazo ya bidhaa. Malipo nayo: PayPal ilinunuliwa na eBay mwaka 2002, wakatengana mwaka 2015, kisha eBay ikaanza kupokea malipo yenyewe na kufikia 2021 wauzaji wakawa wamehamishiwa kwenye mpango huo, wapende wasipende.

Sisemi kila badiliko lilikuwa baya. Lile la 2008, kwa mfano, lilikuwa na sababu yake, maana kuna wauzaji waliokuwa wakiwatisha wanunuzi: ukinipa maoni mabaya nami nitakupa mabaya. Ninachosema ni kwamba hakuna hata mara moja muuzaji alipoulizwa kwanza. Hawezi kuulizwa, si mwenye nyumba.

Na sasa lile linalonikera kuliko yote kama mwandishi wa programu: data. Mtu akinunua kwako kwenye masoko haya, mara nyingi hata barua pepe yake halisi huioni. Unapewa anwani ya bandia iliyotengenezwa na soko, ambayo hupitisha ujumbe kwenda na kurudi. Ukiandika, soko linasoma. Siku akaunti yako ikifungwa, anwani hiyo haikusaidii chochote. Naelewa kwa nini wanafanya hivyo, inawakinga wanunuzi na matapeli na wasumbufu. Lakini matokeo yake ni kwamba unaweza kufanya biashara miaka kumi na usijue jina la barua pepe ya mtu hata mmoja.

Hili nimeliona kwa karibu. Kuna mzee mmoja wa Mombasa ambaye sasa anaishi Leicester, Uingereza, anauza stempu za zamani. Si stempu zozote: ni za Zanzibar, zile za 1913 zenye picha ya Sultan Khalifa bin Harub, na hasa zile za pamoja za Kenya, Uganda na Tanganyika. Miaka kumi na moja alikuwa akiuzia kwenye soko moja la mnada, jina naliweka kapuni. Siku moja alibadilisha benki. Mfumo wa soko ukaona "shughuli isiyo ya kawaida" ukaifunga akaunti. Siku kumi na tisa. Kila alipoandika alijibiwa barua ile ile iliyotayarishwa kabla, inayoanza kwa kumshukuru kwa uvumilivu wake.

Alinipigia simu. Baada ya shikamoo na marahaba na habari za nyumbani, nikamuuliza, "Mzee, orodha ya wateja unayo?"

"Ninayo, kijana wangu. Iko kule kule."

Kule kule ndani ya akaunti iliyofungwa. Watu wa Kanada na Ujerumani waliokuwa wakinunua kwake kila mwezi kwa miaka, yeye aliwajua kwa majina ya utani ya mnadani tu. Anwani za nyumbani za baadhi yao alikuwa nazo, kwenye vipande vya karatasi alivyokuwa akinakilia juu ya bahasha. Akaniuliza, "Si niwaandikie barua tu? Watanijua."

Nikamwambia, "Mzee, anwani hiyo ulipewa ya kupelekea bahasha ile, si ya kupelekea matangazo." Hakufurahi. Lakini ndivyo sheria za masoko zinavyosema, ndivyo sheria za kulinda data za Uingereza zinavyosema, na ndivyo hata adabu inavyosema. Kwa hiyo mzee akakaa siku kumi na tisa na masanduku ya stempu sebuleni, na wateja wake wakanunua kwa wengine, wakidhani pengine amefariki. Mmoja wao, akaunti ilipofunguliwa, alimwandikia kumuuliza kama ni yeye au ni mwanawe anayeuza urithi.

Hapo ndipo aliponiita nimjengee tovuti.

Sasa naomba tuelewane kuhusu neno "kuhamisha", kwa sababu kuna watu wanalisikia vibaya. Kuna muuzaji anayeweka kitu mnadani, mnunuzi anauliza swali, na muuzaji anamjibu: hapo bei ni 40, nipigie nje nikuuzie kwa 36. Huo si uhamishaji. Huo ni wizi mdogo, na masoko yana haki ya kuukasirikia. eBay inakataza, inaweza kukuwekea vikwazo au kukufungia, na sera yake inairuhusu hata kukutoza ada ya mauzo kwa kitu ulichotaka kukiuza kwa kificho. Mimi niko upande wao hapo. Mauzo yaliyozaliwa mnadani yafanyike mnadani na ada ilipwe hadi senti ya mwisho.

Tena mnunuzi mwenye akili timamu hakubali kutolewa nje katikati ya mauzo. Miaka ya 2000 ilijaa matapeli waliofanya hivyo hivyo: umeshindwa mnada, mara unaandikiwa kwamba aliyeshinda amejitoa, kitu ni chako, tuma pesa kwa Western Union. Au wanakuelekeza kwenye tovuti ya uongo inayojidai ni ya mtu wa kati anayeshika pesa mpaka mzigo ufike. Watu walilizwa. Kwa hiyo muuzaji anayenong'ona "tutoke nje" anavaa kanzu ya tapeli, hata kama moyo wake ni safi.

Kinachohamishwa ni mauzo ya pili na ya tatu. Na hayo hayahamishwi kwa kumvuta mtu mkono. Yanahamishwa kwa kumpa sababu ya kuja mwenyewe. Hapa ndipo wengi wanapoanguka. Wanajenga tovuti ambayo ni nakala ya ukurasa wao wa mnadani, bidhaa zile zile, picha zile zile, bei imepunguzwa kidogo, halafu wanashangaa kwa nini hakuna anayekuja. Aje kufanya nini? Kule ana kinga ya kurudishiwa pesa, akaunti yake iko wazi, kadi yake imehifadhiwa. Punguzo la dola 2 halimtoi mtu kwenye starehe hiyo.

Nirudi kwa mzee wangu, maana kwake jibu lilikuwa zuri. Stempu za Kenya, Uganda na Tanganyika za mwaka 1938 hadi mwanzoni mwa miaka ya 1950, zenye kichwa cha Mfalme George VI, zina ugonjwa mmoja ambao wakusanyaji wanaupenda hadi kukosa usingizi: vitobo vya ukingoni. Vile vitobo vinavyorahisisha kuchana stempu. Huhesabiwa ni vingapi katika urefu wa sentimita 2. Stempu hizo zilichapishwa mara nyingi, zikakatwa kwa mashine tofauti, kwa hiyo unaweza kuwa na stempu mbili za picha ile ile na thamani ile ile, moja ina vitobo 13 na robo, nyingine 14, na moja ni ya bei ya chai wakati mwenziwe ni wa bei ya mbuzi.

Soko la mnada halijui vitobo. Linajua "stempu", linajua "Afrika", linajua "imetumika" au "haijatumika". Linauza viatu na vipuri vya magari pia, haliwezi kumtengenezea kila mkusanyaji wa stempu kabati lake. Sisi tuliweza. Hifadhidata yenyewe ni ndogo mno, jedwali moja lenye safu za mwaka, thamani, vitobo vya upana, vitobo vya urefu, hali ya gundi nyuma, na picha mbili kubwa, mbele na nyuma. Mkusanyaji anaingia, anachagua senti 30, vitobo 14, anaona zilizopo. Akiona hakuna, anaacha barua pepe yake aambiwe ikipatikana. Anaiacha mwenyewe, kwa hiari, akijua ni ya nini. Umeona? Hiyo ndiyo orodha ya wateja. Haikuibwa popote.

Na watajuaje kuwa tovuti ipo? Kwanza, jina la tovuti ni lile lile la duka lake la mnadani. Hakuna sheria ya soko lolote inayomzuia binadamu kuandika jina lako kwenye Google. Nawashangaa wauzaji wanaojiita jina moja mnadani, jina jingine kwenye tovuti, na jina la tatu kwenye risiti. Pili, mzee alichapisha kadi ndogo ya kupimia vitobo, ile yenye mistari ya nukta unazilinganisha na ukingo wa stempu, na chini yake jina la duka. Kadi hiyo mkusanyaji haitupi. Inakaa mezani kwake karibu na miwani. Haina punguzo, haina "nunua kwetu moja kwa moja". Kabla ya kuitia kwenye bahasha tulisoma sheria za soko lake mara mbili, na wewe fanya hivyo hivyo, kwa sababu masoko hayafanani. Amazon, kwa mfano, haitaki kabisa muuzaji atumie kifurushi kuwaelekeza wanunuzi kwenye tovuti yake. Soko lako likikataza, usitie kitu. Tegemea jina.

Mwaka wa kwanza aliandikisha majina mia mbili na kidogo. Mia mbili! Kule mnadani alikuwa na maelfu, na rafiki zake wakamcheka. Lakini hao mia mbili anaweza kuwaandikia leo usiku. Anawaandikia mara moja kwa mwezi, akiwaambia stempu zipi mpya zimeingia, siku mbili kabla hajaweka chochote mnadani. Na sehemu kubwa ya wanaonunua vitu vyake vya bei ya mbuzi wamo humo.

Sasa nawageukia mafundi wenzangu, maana nusu ya lawama ni yetu.

Tumewauzia wafanyabiashara tovuti kama watu wanaouza vibanda jangwani. Unamjengea mtu duka la WooCommerce lenye vitelezi vitano vya picha na dirisha linalomrukia mgeni usoni kabla hajasoma neno, unachukua pesa zako, unaondoka. Hakuna aliyemuuliza mteja: mnunuzi wako atakuja hapa kufanya nini ambacho hawezi kufanya kule? Kama jibu halipo, mwambie asijenge bado. Najua, kodi ya nyumba inadai. Mwambie hivyo hivyo.

Na kuna dhambi kubwa zaidi, ambayo hapa Kenya nimeiona mara nyingi mno: fundi anasajili domeni ya mteja kwa jina lake yeye fundi. Ile .co.ke ni ya duka la mama fulani, lakini kwenye sajili jina ni la kijana aliyemjengea. Siku wakikosana, au kijana akipata kazi Dubai na kubadilisha namba ya simu, mama amepoteza tovuti, barua pepe, na kila kadi aliyochapisha. Umemtoa mikononi mwa mwenye soko ukamtia mikononi mwako. Afadhali angebaki sokoni, kule angalau kuna mahali pa kulalamika.

Kuna somo la eBay yenyewe hapa. Iliwahi kuwauzia wauzaji "tovuti zako mwenyewe", huduma iliyoitwa ProStores. Mwaka 2011 ikainunua kampuni ya Magento, iliyokuwa na huduma ya kukodi maduka iitwayo Magento Go. Watu wakahamia huko wakidhani sasa wana nyumba zao. Tarehe 1 Februari 2015 huduma zote mbili zikafungwa. Waliokuwa na domeni kwa majina yao na nakala ya data yao walihamia kwingine kwa shida kiasi, wateja wakaandika anwani ile ile wakawakuta. Waliokuwa wakitumia anwani ya kupewa walibaki na anwani isiyofunguka. Wakati huo huo Magento ile ya wazi, ambayo mtu aliipakua na kuiweka kwenye seva yake, iliendelea kufanya kazi. Haikumhusu nani amemnunua nani. Adobe ikaja kuinunua kampuni mwaka 2018.

Kwa hiyo nikisema tovuti yako mwenyewe nina maana ya mambo matatu tu: domeni iliyosajiliwa kwa jina lako na nenosiri lake unalo wewe, data ya bidhaa na ya wateja unayoweza kuitoa yote kama faili ya kawaida wakati wowote, na njia ya malipo unayoweza kuibadilisha bila kuvunja nyumba. Shopify, WooCommerce, msimbo ulioandika mwenyewe usiku, hilo tutabishana siku nyingine. Cheti cha usalama si kisingizio tena, Let's Encrypt imekuwa ikivitoa bure tangu 2015. Malipo ya ndani pia, tangu Safaricom ilipofungua Daraja mwaka 2017 kuunganisha M-Pesa na tovuti ni kazi ya siku chache kwa fundi anayejua.

Maana msidhani haya ni ya stempu za Leicester pekee. Tembea mtandaoni uone Wakenya wanaouza kwenye Jumia, kwenye Jiji, kwenye kurasa za Instagram. Waulize swali langu la mwanzo. Waliokuwa wakiuza kwenye OLX Kenya walijua siku moja mwaka 2019 kwamba biashara imenunuliwa na Jiji. Na hao wa Instagram wanadhani wako huru kwa kuwa hawalipi ada ya mauzo, lakini wafuasi elfu ishirini si orodha ya wateja. Weka picha ya viatu leo uhesabu ni wangapi kati yao walioiona.

Ila tusikimbilie kosa la pili. Kuna wanaofikiri "orodha" ni kuzoa namba za simu za kila aliyewahi kulipa na kuzimwagia ujumbe mfupi saa kumi na moja alfajiri. Tangu 2019 tuna Sheria ya Kulinda Data hapa Kenya, na kumtumia mtu matangazo bila ridhaa yake kunaweza kukufikisha mbele ya Kamishna wa Data. Hata bila sheria, nani kati yenu amewahi kununua kitu kwa sababu ya ujumbe ambao hakuuomba? Mtu mmoja aliyejiandikisha mwenyewe anazidi mia uliowakamata.

Nimebakiza swali ambalo najua linakuja: ukihamisha wote, wapya watatoka wapi? Hapa nakubaliana na wapinzani wangu, na nataka waandike tarehe. Usihame sokoni. Mnada unabaki kuwa mahali pazuri pa kukutana na mgeni, na kwa kitu adimu ambacho hujui bei yake, hakuna njia bora ya kuijua kuliko kuwaacha watu watano wakigombanie. Mzee wangu bado anaweka stempu kumi mnadani kila Jumapili, analipa ada yake bila kunung'unika (vizuri, ananung'unika kidogo), na zile zenye vitobo visivyo vya kawaida ambazo hajapata kuuza kabla ndizo anazozipeleka kule kwanza. Na mtu anayeuza kabati la marehemu babu yake mara moja maishani hahitaji tovuti wala orodha. Huyo auze mnadani apumzike. Uingereza, tangu Oktoba 2024, eBay haimtozi hata ada ya mauzo muuzaji binafsi wa aina hiyo.

Ninayemsema ni yule anayeamka kila asubuhi kufunga vifurushi, ambaye ada ya shule ya watoto inatoka humo, na ambaye wote wanaomlisha wamehifadhiwa kwenye hifadhidata ya mtu mwingine. Huyo aanze wiki hii. Asajili domeni kwanza, hata kabla ya kumtafuta fundi, na aisajili kwa jina lake la kitambulisho.

Wiki ijayo nitaweka hapa msimbo wa ule utafutaji wa vitobo, kwa wanaouza vitu vingine vyenye vipimo vya ajabu: skrubu, lenzi, vitambaa, mbegu. Ni mistari michache tu, na kazi kubwa ilikuwa ni ya mzee, aliyekaa majira yote ya baridi na kioo cha kukuzia akihesabu.